Mkalimani wa Jangakzor

“Sifuri! Zulhumor, unanisikia? Wametuandikia sifuri!”

Zulhumor alikuwa amepiga magoti chini ya mti, ndoo ubavuni, viganja vimekolea weusi wa maganda ya jozi, zile kokwa ngumu kama mfupa ambazo kijiji kizima huhamia msituni kila vuli kuziokota. Aliibana simu kwa bega.

“Sifuri ya nini, Gulsanam? Sema taratibu, huku mtandao unakatika.”

“Ya msitu! Nimetoka kuwamiminia chai hapa wilayani. Yule bwana Kubat wa kampuni ya hoteli kasimama mbele ya mkuu wa wilaya, anasema wamepita Jangakzor nyumba kwa nyumba wakiuliza, sehemu yako ya msitu ungeiachia kwa kiasi gani. Eti karibu watu wote wamejibu bure! Wenyewe hawaoni kama una thamani. Ijumaa wanakuja huko kuwasomea, halafu wanatia saini. Hoteli, uzio, vigari vya kuning’inia kwenye waya vya kuwapandisha watalii hadi kwenye maporomoko. Kila kitu.”

“Nani kasema bure? Huku hakuna mwendawazimu wa kiasi hicho.”

“Bibi yako kasema.”

“Koma, Gulsanam!”

“Nikome nini? Nimesikia wakisoma kwa masikio yangu. Mavjuda, mjane, sehemu ya bondeni: ‘Chukueni, ni yenu.’ Na mkalimani wao…” Gulsanam akasita.

“Malizia.”

“Shoga yangu, unamjua mkalimani wao.”

Alimjua. Simu ilikatika, au aliikata mwenyewe, hata hakukumbuka. Alibaki ameishika huku jozi zikidondoka moja moja juu ya turubai la hema lao.

Siku ile ya maswali, watu wa kampuni walikuja maganda yalipoanza kupasuka mitini. Bibi Mavjuda aliwatandikia kitambaa chini, akaweka mkate, mtindi, asali na chai. Bwana Kubat aliuliza kwa Kirusi, na Davron, mkalimani wake, akageuza kwa Kiuzbeki. Bibi, mbele ya mgeni aliyekuwa anatafuna mkate wake, aliweka mkono kifuani akasema neno ambalo bibi yeyote wa Jangakzor angelisema:

“Wewe ni mgeni wetu. Ukiipenda, ichukue, ni yako.”

Angesema nini kingine? Kwetu mgeni akisifia zulia lako unamwambia libebe. Mgeni anacheka, anakuombea dua, anaondoka, zulia linabaki pale pale. Mtoto anayejifunza kutembea analijua hilo. Mgeni wa kulikunja zulia kweli akaondoka nalo begani hakuwahi kuonekana, mpaka alipotokea huyu mwenye shahada mbili na gari la serikali la kuazima.

Na Zulhumor siku ile hakusikia swali wala jibu. Alikuwa anamtazama anayetafsiri.

Yeye na Davron walikuwa wameshavunjiwa mkate na wazee, maana yake uchumba umefungwa, Davron alipoondoka kwenda kusoma lugha. Kwanza alipiga simu kila Ijumaa. Halafu zikabaki jumbe: “Nikipata nafasi nakuja.” Halafu zikabaki salamu za Idi, zile za kutumiwa watu wote kwa pamoja, zenye picha ya mwezi na maua. Zulhumor alizitazama hivyo hivyo. Wachumba walikuja, mmoja ana duka mjini Osh, akawakataa. Akiulizwa anasubiri nini, anasema mavuno. Mavuno yakipita, anasema theluji iyeyuke.

Sasa msitu. Msije mkadhani huu ulikuwa mwanzo. Enzi za babu zetu walikuja watu wenye misumeno wakakata manundu ya miti ya jozi. Wakasema ni ugonjwa, wanaitibu. Miti ikafa, manundu yakageuka meza za wakubwa. Baadaye ikajengwa nyumba ya mapumziko kando ya maporomoko, na watoto waliokuwa wakioga pale tangu kuzaliwa wakafukuzwa kama mbwa. Wakaahidiwa barabara. Barabara ikaja kweli, ikafika kwenye geti la nyumba ya mapumziko, ikakomea hapo. Yote hayo yaliletwa kwa sauti ya upole, na wote walioyaleta walikunywa chai yetu kwanza.

Zulhumor alifuta kidole kwenye sketi, akaandika: “Uko wapi?”

Jibu lilikuja upesi, kana kwamba lilikuwa limeshaandikwa linangoja. “Nimefika kwa mjomba. Nilitaka nije kukuona jioni.”

“Njoo sasa. Tuko bondeni.”

Alikuja na viatu vya mjini, anateleza kwenye majani. Zulhumor alimwona kwa mbali, na moyo wake, ambao alikuwa ameuonya muda wote akimngoja, ukafanya ulivyotaka.

“Umekonda,” Davron alisema.

“Sifuri kwa Kirusi wanaiitaje?”

Davron akasimama pale alipofika.

“Nani amekuambia?”

“Kwa hiyo ni kweli.”

“Zulhumor, nilitafsiri neno kwa neno. Ndiyo kazi yangu.”

“Neno kwa neno! Bibi yangu kakukaribisha mkate, wewe ukamgeuza mtu anayegawa msitu wa wajukuu zake. Mgeni akisifia zulia letu, nini kinafuata?”

“Najua kinachofuata.”

“Kwa nini hukumwambia?”

Davron aliinama akaokota jozi, akaanza kuimenya ganda kwa kucha kama zamani. Vidole vilikuwa vimelainika. Havikuweza.

“Wameniahidi,” alisema bila kumtazama. “Hoteli ikisimama, msimamizi ni mimi. Nyumba wananipa wao. Ningerudi, Zulhumor. Unadhani huko nilikuwa nalala? Kila vuli naamka nasikia jozi zinaanguka juu ya hema, nafungua macho naona dari ya chumba cha kupanga. Nimetafuta njia ya kurudi mpaka nikachoka. Iliyopatikana ni hii.”

“Kurudi wapi?”

“Hapa. Kwako.”

“Hapa ndipo uzio unapopita! Mimi ningekaa upande gani? Ningekuwa nakufulia mashuka ya watalii wako, halafu jioni unanipungia mkono kutoka dirishani?”

“Usiseme hivyo. Lakini na wewe tazama. Nani kabaki kijiji hiki? Wanaume wote wako Urusi wanajenga maghorofa ya watu. Hakuna kilichobaki cha kumrudisha mtu.”

“Mimi nilibaki.”

Davron aliiangusha ile jozi.

“Siku unaondoka uliumega mkate kwa meno, kama kila msafiri,” Zulhumor alisema. “Mama yako akautundika ukutani ili urudi uumalize. Alipofariki hukuwahi hata mazishi. Shangazi zako walikuwa wanafagia nyumba, wakataka kuwatupia kondoo. Nikauchukua. Uko kwangu, ukutani. Mgumu kama jiwe, una alama ya meno yako. Ndicho nilicho nacho cha mume, alama ya meno. Nimechoka kutazamana nayo, Davron.”

Alilia. Davron, si yeye. Alilia amesimama, mikono imening’inia, kama mtoto aliyepotea sokoni. Zulhumor aliunyanyua mkono wake kumgusa shavu, akauona ulivyo mweusi, akaurudisha.

“Ijumaa utatafsiri tena?”

“Ndiyo.”

“Haya. Tafsiri.”

Akaichukua ndoo yake akaenda mti wa mbali, na kule akaokota jozi bila kuziona.

Ijumaa baada ya swala watu walijaa uwanja wa shule. Mkuu wa wilaya aliketi kwenye kiti cha mwalimu, bwana Kubat akasimama na karatasi zake, Davron pembeni. Zulhumor alimshika bibi yake mkono katikati ya wanawake.

Bwana Kubat alisema kuhusu maendeleo. Davron akageuza. Akasema kuhusu ajira. Davron akageuza. Halafu akasema kwamba wakazi wenyewe, kwa hiari na kwa midomo yao, wameutathmini msitu huu kuwa hauna thamani kwao, akiwemo mama Mavjuda. Davron akageuza na hilo, kwa sauti ndogo, neno kwa neno.

“Mimi?” Bibi Mavjuda alipaza sauti. “Mimi nimetoa msitu? Nimempa nani? Nilikuwa na homa?”

Watu wakaanza kunguruma. Bwana Kubat akamwambia Davron waendelee. Davron hakuendelea. Aliikunja karatasi, akamgeukia bosi wake, na safari hii akawa anasema kwa Kirusi kisha anajitafsiri mwenyewe kwa Kiuzbeki, sentensi kwa sentensi, ili asikike na kila mtu.

“Bwana Kubat, jana kwa mjomba wangu uliisifia kofia yake. Alikuambiaje?”

“Kofia inahusu nini hapa?”

“Alikuambiaje?”

“Aliniambia niichukue.”

“Mbona iko kichwani kwake? Yule pale.”

Mjomba aliigusa kofia yake ya kudarizi kana kwamba ameibiwa tayari. Mtu akacheka.

“Ile ilikuwa adabu tu,” bwana Kubat alisema kwa hasira. “Kila mtu anajua. Hata kwetu wanasema hivyo.”

Davron aliligeuza jibu hilo polepole, bila kulipunguza wala kuliongeza. Likafika hadi kwa wanawake wa nyuma.

“Anajua,” Bibi Mavjuda alimnong’oneza mjukuu wake. “Ee Mungu, alikuwa anajua, na mkate wangu mdomoni.”

“Na mimi nilijua,” Davron alisema. “Nilijua siku ile ile na nikanyamaza, kwa sababu niliahidiwa kazi. Wale wote walioandikiwa sifuri hawakutoa kitu. Walikaribisha wageni.”

Zogo lilipanda. Kuna aliyemwita msaliti, kuna aliyemwita mwanamume, na mama mmoja alimwita yote mawili kwa pumzi moja. Bwana Kubat alimsogelea Davron akamwambia kitu sikioni.

“Anasema nini?” watu walipiga kelele.

“Anasema nimefukuzwa,” Davron akawatafsiria.

Hapo hata mkuu wa wilaya alikunja mdomo asicheke.

Bibi Mavjuda aliachia mkono wa mjukuu wake akasogea mbele, anachechemea.

“Wewe, mwana wa marehemu Sanobar. Kwa hiyo si mgeni tena?”

“Hapana, bibi. Si mgeni.”

“Sawa. Niulize tena. Kwa mdomo wako, usitumwe na mtu.”

“Bibi, sehemu yako ya bondeni. Unaiachia?”

“Siachii! Hata mti mmoja! Hata kivuli chake! Andika hilo na mhuri juu!”

“Na mimi niulize!” mjomba alisema.

“Mimi pia!”

Walipanga mstari, jambo ambalo watu wa Jangakzor hawajawahi kulifanya hata kwa ajili ya unga. Mkuu wa wilaya alizikusanya karatasi akatangaza kuwa saini imeahirishwa mpaka watu waulizwe upya, na waulizwe na mtu anayewajua. Imeahirishwa. Hakusema imefutwa. Wenye kumbukumbu tulilisikia vizuri hilo neno, na hapana shaka watakuja tena, kwa sauti ya upole ile ile. Lakini wataikuta miti imesimama, na watu wamejifunza kukataa.

Asubuhi iliyofuata Zulhumor alikuta mtu juu ya mti wao mkubwa, peku, anatikisa matawi. Jozi zilimiminika kama mvua ya mawe.

“Nani kakuruhusu kupanda?”

“Bibi. Kasema miguu yangu bado inakumbuka.”

“Kichwa chako ndicho kilichosahau.”

Davron alishuka, amechubuka magoti. Walifanya kazi bila kuzungumza, yeye akitikisa, Zulhumor akiokota, mpaka jua lilipopenya matawini na moshi wa majiko ukaanza kupanda kutoka kwenye mahema ya jirani. Mara mbili vidole vyao vilikutana kwenye ndoo. Mara zote mbili hakuna aliyeharakisha kuviondoa.

“Nauliza hili bila kutumwa na mtu,” Davron alisema hatimaye. “Utaolewa na mimi?”

Miaka yote alikuwa amelijibu swali hili. Alilijibu akikamua ng’ombe, akifua, akitazama ukuta. Sasa lilikuwa limesimama mbele yake, limechubuka magoti, linahema.

“Hapana,” Zulhumor alisema.

Davron aliinamisha kichwa.

“Ungekuwa mgeni ningekuambia ndiyo,” aliendelea. “Ningekuwekea chai, ningeweka mkono kifuani, na ungeondoka zako. Sitaki kukukaribisha, Davron. Nataka nikukatalie leo nione kama kesho upo.”

Uso wa Davron ulifunguka taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu arudi akafanana na yule aliyeondoka.

“Basi kesho nitauliza tena.”

“Uliza.”

“Na ukikataa?”

“Kesho kutwa ipo.”

Aligeuka akaushika mti, akapanda. Zulhumor alimtazama akipotea majani kwa majani, kisigino cha mwisho, kisha sauti tu ya matawi. Neno ‘ndiyo’ lilikuwa limemjaa mdomoni mpaka taya zinamuuma. Alivumilia, alivumilia tena, halafu uvumilivu ukamshinda.

“Davron!”

“Naam?”

“Uje mapema.”