Mshipa wa Mguuni

Kila siku akitoka shuleni, Adeke alikata majani ya ng'ombe nyumbani kwao Mukuju, kisha akachomeka panga kwenye paa la ghala. Jumamosi moja ya mwaka 1966, panga likiwa bado mkononi, alisikia wenzake wakicheza barabarani. Akalitupa panga kwenye rundo la mabua ya wimbi, huyo, akatoka mbio.

Baba yake, seremala Ojangole, alikuja kuyabeba mabua yale. Aliyakumbatia kwa mikono miwili. Panga likamkata ndani ya kiwiko, damu ikaruka. Majirani wakaufunga mkono kwa mpira wa baiskeli. Katika zogo hilo Adeke, aliyerudi mbio aliposikia kelele, alilichomoa panga akalificha kwa hofu. Walipouliza nini kimemkata baba yake, akajibu upesi, "Ni chupa."

Kule hospitalini Tororo, Daktari Oboth aliushika ule mkono. Ulikuwa baridi, vidole vimepauka.

"Mshipa mkubwa umeharibika," alimwambia Emojong, mjomba wa Adeke, aliyekuja nao. "Nitakata kipande cha mshipa mguuni mwake mwenyewe, nikiunge hapa. Mwili hautakikataa, kwa kuwa ni chake. Lakini kwanza lazima nitafute vipande vyote vya chupa, na muda unakwisha. Mkono usiopata damu hufa."

Moyo ulimpasuka Adeke. Mkono ule ndio uliowalisha wote, naye alikuwa anauua kwa uongo wake. Alijichukia.

"Daktari," alisema akilia, "chupa hakuna. Ni panga. Mimi niliacha kwa mabua."

Mjomba alimkazia macho, lakini daktari hakumkemea.

"Lilikuwa na udongo?"

"Ndiyo."

"Basi nitaosha kidonda na kuanza mara moja," alisema daktari, akaingia chumba cha upasuaji.

Kesho yake Adeke alimkuta baba yake amelala, bendeji mkononi na nyingine mguuni. Aligusa vidole vya mkono ule uliofungwa. Vilikuwa na joto.

"Baba, nisamehe. Nilidanganya."

"Daktari aliniambia yote," baba alisema kwa sauti ya chini. "Angalia mguu yangu, mtoto. Haina kosa, lakini imekatwa ndiyo mkono ipone. Wewe kosa ni yako, na ulitakiwa kutoa neno moja tu. Siku ingine ukikosa, sema mapema."

"Ndiyo, baba."

Machozi yalimtiririka Adeke. Vidole vya baba vikajikunja polepole, vikamshika mkono.