Nyufa za Chumba cha Mwisho

Maiti ya Ambindwile ilitolewa chini ya sakafu ya gesti yake mwenyewe iliyokuwa bado ikijengwa, pale Kyimo. Kisogo kilikuwa kimebonyea. Saruji ilikuwa imemganda nyusini.

Mkewe, Tulia, alidhani mumewe kafuata mzigo Dar es Salaam, kama alivyozoea tangu biashara iwe ruksa. Kisha akaona sakafu mpya ya chumba cha mwisho imejaa nyufa nyembamba kama wavu, na harufu inapenya. Akaita polisi.

Inspekta Jaffari alikagua vyumba vingine. Sakafu zilikuwa laini kama sahani, zimefunikwa majani ya migomba yaliyolowa maji, saruji isikauke upesi ikapasuka. Chumba cha maiti hakikuwa na jani hata moja.

"Mama, nani alimwaga zege hapa?"

"Fundi Nsajigwa, afande. Vyumba vyote ni kazi yake."

Jaffari alimkuta fundi huyo kijijini Mpuguso, anapiga lipu.

"Sakafu yako imepasuka, fundi."

"Sakafu yangu haipasuki."

"Ya chumba cha mwisho, kwa Ambindwile."

"Labda jua, afande."

"Jua gani, Tukuyu hii? Hata shati langu halijakauka! Ulinyunyiza saruji kavu juu ili ikamate upesi. Kisha hukufunika, hukumwagilia."

"Nilisahau."

"Ukakumbuka vyumba vyote, ukasahau chenye maiti?"

Mwiko ulimtoka Nsajigwa mkononi. Hakuuokota.

"Mmemtoa?"

"Tumemtoa. Ungefunika majani, ukamwagilia, nani angejua? Fundi kama wewe!"

Nsajigwa alitema mate. "Nimfunike? Niamke kila asubuhi kumpelekea maji, kama mgonjwa wangu? Yule?"

"Alikukosea nini?"

"Mama alikufa nikiwa Zambia, migodini. Akazikwa kwenye migomba yetu. Baba mdogo akamuuzia Ambindwile kiwanja, kaburi likiwemo. Niliporudi, Ambindwile akanipa kazi ya sakafu. Nikamuuliza, kaburi liko wapi? Akasema, 'Liko nyuma huko, maliza kazi kwanza nikuonyeshe.' Nikamwaga zege la sebule. Nikashindilia kwa mikono hii. Tulipofika chumba cha mwisho nikamwambia, haya, nionyeshe. Akacheka mpaka akashika ukuta. 'Umeshalisakafia mwenyewe, bwana! Liko sebuleni. Mama yako sasa ana nyumba ya bati.'"

"Ukafanyaje?"

"Alipogeuka nilimpiga koleo. Alipoanguka nikampiga tena. Nikamchimbia palepale, nikammwagia zege kama alivyonimwagisha mimi juu ya mama."

Jaffari alimfunga pingu.

"Hujuti?"

"Najuta mmemfukua. Sasa watamchongea jeneza, watamlilia, watamwekea msalaba." Alimkazia macho Jaffari. "Na mama yangu, afande? Sebule mtaivunja lini?"

Jaffari alimsukuma kuelekea kwenye gari.