Sikio la Kulia

“Toa mikono yako kwenye kichwa cha mchumba wangu!”

Duka zima liligeuka. Aliyekuwa anachagua chaja akaiacha, mlinzi akasimama. Muuzaji, dada mrembo mwenye kucha nyekundu, alikuwa amemkalisha mchumba wangu kwenye stuli ndefu, vidole viko nyuma ya masikio ya mwanamume wangu, anamwekea hedifoni. Mwenyewe hata hakushtuka. Alikuwa amefumba macho, anatabasamu. Lile tabasamu ndilo lililonimaliza.

Nina wivu, sikatai. Lakini safari hii sikuota. Jana yake alikuja kibandani kwangu kupima suti ya harusi. Mimi ni fundi cherehani, suti ya mume wangu hanishonei mtu mwingine. Alipovua koti, simu yake ikabaki mezani karibu na mkasi, ikaingiza ujumbe, na macho hayana pazia.

“Kapteni, njoo kesho saa kumi. Nimekutengea moja, nimeifungua kwa ajili yako tu. Kulia, kama unavyopenda. Na usijali, siri yako iko salama kwangu.”

Kapteni! Mimi namwita mpenzi, huyo anamwita Kapteni. Nilishona mkono wa suti nje ndani, nikafumua, nikaukosea tena. Harusi ilikuwa imebaki wiki tatu. Kesho yake, saa kumi kasoro, nikafunga kibanda, nikamfuata.

Sasa alikuwa amevua hedifoni, ananitazama kama mtoto aliyekutwa na mkono kwenye sukari.

“Umefikaje hapa?”

“Kwa miguu. Wewe umefikaje, Kapteni?”

“Hilo jina ni la kwenye gemu tu. Wenzangu wa timu ndio wananiita hivyo.”

“Na huyu naye yuko timu gani?”

Muuzaji akaweka mikono mezani nizione vizuri. “Dada yangu, mimi namsaidia kuchagua hedifoni ya kuchezea gemu. Hakuna kingine, naapa.”

“Hedifoni zinachaguliwa kwa siri siku hizi? Hebu nionyeshe huo upande wa kulia anaoupenda, mwenzangu. Maana mimi miaka miwili yote huenda nimekaa upande usiofaa!”

Mteja mmoja akacheka, nikamkata jicho akarudi kwenye chaja zake.

Muuzaji akamgeukia mchumba wangu. “Kaka, mwambie.”

“Usimwambie.”

“Umesikia hiyo?” nikasema, machozi yameshafika. “Eti ‘usimwambie’. Mbele yangu! Haya, suti nimeshaikata, utatafuta bibi harusi mwingine wa kuivalia.”

Nilikuwa nimeshageuka niliposikia sauti yake nyuma yangu, ndogo sana.

“Sisikii.”

“Husikii nini? Mtaa mzima unanisikia!”

“Sikio la kushoto. Nilipata matubwitubwi nikiwa na miaka tisa, likafa. Sisikii kitu kabisa upande huo.”

Nikamwangalia usoni nikitafuta uongo. Nikazunguka hadi kushoto kwake, nikainama, nikanong’ona, “Nitamng’oa huyu dada kucha zote kumi.” Muuzaji akarudisha mikono nyuma. Yeye alibaki anatazama mbele, ananisubiri niseme kitu.

Nikamgeukia muuzaji.

“Kwenye gemu,” muuzaji akasema taratibu, “adui akija kushoto, hatua zake zinasikika sikio la kushoto tu. Kwa hiyo kila siku anauawa upande huo, na wenzake wanamcheka. Ameshajaribu mbili. Moja ina sauti kubwa, lakini sikio lililokufa haliamshwi na kelele. Nyingine ni laini, haibani kichwa, ila haina tofauti. Hii ya tatu unaweza kuichanganya, sauti za pande zote mbili zikaja kulia. Hatajua adui anatokea wapi, lakini atajua yupo.”

Maelezo mazuri. Ungedhani yangenipoza. Yalinichoma zaidi.

“Kwa hiyo huyu anajua,” nikamwambia mchumba wangu, “na mimi sijui. Mwanamke wa dukani!”

“Muuzaji akinicheka, nahama duka. Wewe ukinicheka, nitahamia wapi?”

Nikaichukua hedifoni mkononi mwake, nikaiweka mezani.

“Uchumba wangu wa kwanza ulivunjika kwa hili,” akaendelea. “Shangazi wa mchumba huyo alisema hawezi kutoa binti kwa kiziwi. Nikajisemea, safari hii nitanyamaza mpaka tuoane.”

Nikakumbuka. Kila tukitembea, ananivuta nikae kulia kwake. Nilijigamba mpaka kwa wateja kwamba mwanamume wangu ananikinga na magari. Kumbe alikuwa ananitafutia sikio.

Halafu nikakumbuka benchi.

Miezi minane nyuma, siku ya mvua, tulikaa kwenye benchi nyuma ya kibanda changu. Nililaza kichwa begani kwake asinione nikilia, nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mwanamume yeyote. Akanipapasa mgongo, akasema, “Sawa, mpenzi.” Ile “sawa, mpenzi” ndiyo iliyonifanya nikubali pete.

“Siku ile ya mvua,” nikauliza, “nilikulalia bega gani?”

Akafikiri. “La kushoto.”

“Nilisema nini?”

Akashika sikio la kushoto.

“Nilisema nini?”

“Nilidhani... umesema unanipenda.”

Nikatoka nje mbio. Nikampigia dada yangu.

“Dada, hakusikia.”

“Nani? Nini?”

“Nilipomwambia kuhusu mtoto. Sikio lile halisikii. Hajui chochote, dada!”

Nilimzaa binti yangu nikiwa bado msichana wa kujifunza kushona. Dada akamchukua. Ana miaka sita, mimi ananiita mama mdogo, na kila akiniita hivyo nageuza uso.

Dada akapunguza sauti. “Sasa sikiliza. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Mimi nitaendelea kumlea, sijachoka. Ila jana ameniuliza kwa nini yeye amefanana na mama mdogo kuliko na mimi. Nikamwambia akamalize uji. Sijui nitamwambia nini siku nyingine.”

Kwa mbali nikasikia sauti ya mtoto. “Ni mama mdogo? Mwambie gauni langu la harusi nalitaka lenye mifuko!”

Nikakata simu. Wiki tatu tu, nikawaza. Nikifunga mdomo, naolewa. Mwenzangu kafunga mdomo miaka miwili na bado anapumua. Lakini nilikuwa nimetoka kumfokea mbele ya watu kwa kunificha sikio, na mimi nilikuwa nimeficha binadamu mzima mwenye gauni la mifuko.

Nikarudi ndani. Yuko palepale kwenye stuli. Muuzaji aliponiona akakumbuka kwamba rafu za nyuma zina vumbi.

Nikasimama kulia kwake, nikaweka mdomo sikioni.

“Nina mtoto. Wa kike, miaka sita. Yuko kwa dada yangu. Yule anayeniita mama mdogo, mimi ndiye mama yake.”

Hakusogea.

“Rudia.”

“Hukusikia?”

“Nimesikia. Rudia.”

Nikarudia, sauti ikikatika katikati. Akashuka kwenye stuli na kunitazama. Sijawahi kumwona na uso ule.

“Miezi minane ulidhani najua?”

“Ndiyo.”

“Ulidhani nimesikia una mtoto, nikasema sawa mpenzi, halafu sikuuliza hata siku moja kama amekula? Kama anasoma?”

“Ndiyo. Niliogopa kukukumbusha.”

“Na bado ulitaka kuolewa na mtu wa aina hiyo?”

Hapo nililia kwa sauti, sina aibu. Angenitukana ningejua pa kuanzia.

“Mimi si mtu wa aina hiyo,” akasema. “Nina hasira na wewe. Leo usinisemeshe sana. Lakini si mtu wa aina hiyo.” Akapangusa uso kwa kiganja, akaita, “Dada! Hii ya tatu nachukua.”

Muuzaji akatokea haraka kama aliyekuwa anasubiri nyuma ya pazia. “Ila kumbuka, Kapteni, hutajua anatokea upande gani.”

“Ilimradi nijue yupo.” Kisha akaiangalia rafu. “Una ya kichwa kidogo? Cha miaka sita?”

Jumamosi yake akaenda kwa dada peke yake, hakutaka nimsindikize. Jioni nikapata ujumbe: “Ananishinda gemu ya magari. Na kweli mmefanana, wote mna wivu. Amekataa nimbebe mtoto wa jirani.”

Tulimwambia mtoto ukweli kabla ya harusi, lakini aliendelea kuniita mama mdogo. Siku ya harusi mwanamume wangu alivaa suti yangu, mikono yote miwili imekaa inavyotakiwa. Muuzaji tulimwalika. Akacheza na bwana harusi muziki mmoja mzima, mimi nahesabu. Mmoja tu, ndivyo tulivyokubaliana.

Nilipokwenda kukaa kulia kwa mume wangu, nikakuta kiti kina mtu. Binti yangu, mikono mifukoni, ananitazama kama mwenye nyumba. Nikazunguka nikakaa kushoto. Akajivuta, akamnong’oneza mume wangu kwenye lile sikio zima, kitu kirefu. Mume wangu akainamisha kichwa, macho yakamlowa.

“Kasema nini?” Nikakumbuka upande niliokaa, nikamvuta mkono. “Kasema nini?”

“Ni siri yetu.”

Nina wivu, sikatai.

Akamgeukia mtoto. “Rudia. Kwa sauti, na yeye asikie.”

Binti yangu akaniangalia kwa muda mrefu, akatoa mkono mmoja mfukoni, akashika pindo la shela langu.

“Nimemuuliza kama leo naweza kukuita mama.”