Mtu wa Kipimo

Picha ya Machi ilikuwa na mtu, ilhali mfamasia aliyeipiga alikuwa na hakika kwamba siku ile bondeni hapakuwa na mtu.

Mada ya mwezi ilikuwa "Maji". Chama chao cha wapiga picha kilitoa mada kila mwezi, wanachama wakaenda porini kuitafuta, kisha kila mmoja akatuma picha moja kwenye kundi la simu. Huko mwenyekiti, daktari wa meno, aliandika mambo kama "mwanga umenong'ona", wala hakuwa anatania.

"Nani huyo karibu na jabali?" binti wa mfamasia aliuliza.

"Mpita njia tu."

"Mama, amesimama kama baba."

Baba alikuwa na miezi saba kaburini. Enzi za uhai wake alikuwa mpima ardhi, na katika safari zao zote yeye ndiye alikuwa mtu wa kipimo: alisimama kando ya mti au jabali, mgongo kwa kamera, ili mtazamaji ajue ukubwa wake. Alizoea kulalamika kwamba ndoa yao ina picha elfu mbili za kisogo. Tangu azikwe, mkewe hakubadili mpangilio. Upande wa kulia wa kila picha, bado alimwachia nafasi.

Aprili, mada ikiwa "Njia", mtu yule alikuwa amesogea karibu. Mei ilikuwa "Kivuli", naye akasogea zaidi, na hakuwa na kivuli. "Ubunifu mkubwa," aliandika mwenyekiti.

Nyumba ikaanza kunuka udongo mbichi uliofukuliwa. Mchana kweupe buti zilitembea ukumbini, zikakoma mlangoni pa chumba cha kulala. Mfamasia hakuogopa. Aliacha kula, akawa anaisubiri Jumamosi, siku ya kupiga picha, kama mchumba.

Binti ndiye aliyemleta mganga, mama mfupi mwenye miwani, asiye na mbwembwe wala hirizi za kuuza. Alizipitia picha zote.

"Hapa kulia unaweka nini, dada?"

"Siweki kitu."

"Ndiyo maana. Umemtengea mahali, naye jini amepaona. Akikugeukia, atakuchukua. Mwambie si wako, kabla hajageuka."

"Na kama ni yeye?"

"Wafu hawarudi, dada yangu."

"Mama," binti alinong'ona, "mimi sina mwingine."

Mada ya Juni ilikuwa "Sura". Walikwenda watatu, saa nne asubuhi, kwenye machimbo ya zamani ya mawe. Mfamasia alipoweka jicho kwenye kamera alimwona papo hapo, hatua kumi mbele yake, mgongo ule ule na mabega yale yale, na harufu ya udongo ikamjaa puani na kooni, na ndege wakanyamaza mmoja mmoja, na bega la kushoto likaanza kugeuka taratibu, taratibu kama mtu aliyeitwa kwa jina lake na mwenye sauti anayoipenda, na kitu pekee alichokitaka duniani kilikuwa kuiona sura ile mara moja tu, hata kama ndiyo ya mwisho, ila mikono ya binti yake ilikuwa imemzunguka kiuno.

"Wewe si wangu," alisema. "Nenda." Kidole kikabonyeza chenyewe.

Harufu ikakatika. Ndege wakaendelea na mambo yao.

Walikaa juu ya mawe, akaitazama picha. Alikuwa amemnasa kabla hajageuka. Kisogo tena. Akaikuza, na juu ya sikio la kushoto akaona pengo dogo kwenye nywele. Mkasi ulimteleza hospitalini, wiki ile ya mwisho, akimnyoa mumewe kitandani; walicheka mpaka muuguzi akawakemea, kisha yeye mwenyewe akamvisha mumewe kofia, na hakuna mwingine aliyeliona.

"Jini anaweza kujua kitu ninachokijua mimi tu?"

Mganga aliitazama picha, akamtazama binti.

"Ndiyo," alisema. Alisema haraka mno.