Kabwe wa Siku ya Jumanne

Mvua ilikuta watu sokoni Kamina, wote wakakimbilia baraza moja. Katika msukumano huo kisanduku cha chaki kilimponyoka Dorothée, mwalimu wa wasichana, aliyevaa gauni la bluu lililopigwa pasi vizuri. Nkashama, karani wa gare, kituo cha treni, alipiga magoti matopeni na suruali yake nyeupe, akaziokota chaki moja moja.

"Karani, unachafua suruali!"

"Itafuliwa. Chaki zikiloa, utafundisha na nini?"

Mapendo yalianzia hapo. Nkashama alikuwa mtu wa Kasai, Dorothée Mluba wa palepale Kamina. Watu walinong'ona, wao wakacheka.

Mwaka uliofuata, 1956, Dorothée akamletea barua. Alitaka kwenda shule ya walimu Élisabethville, miaka miwili, arudi afungue kalasi ya kusomesha wamama. Kila mwombaji alitakiwa aeleze kwa nini anafundisha.

"Uitie mu Kifaransa, mupenzi, uipige na mashine. Iende na treni ya Ijumaa."

Nkashama akaisoma peke yake ofisini. "Mwalimu ni mtu anayejua kungoja. Mwanafunzi akikosea, simpigi. Namuuliza ameona nini. Kabwe ndiye aliyenifundisha hivyo. Kila Jumanne moyo wangu unamngoja. Namshika mkono, tunaandika polepole, mpaka anacheka."

Kabwe! Jina la Nkashama halikuwemo hata mara moja. Kiswahili hakisemi kama mtu ni mwanaume au mwanamke, lakini Kifaransa kinataka kujua, na Nkashama hakujiuliza mara mbili. Akapiga *il*, mwanaume, na kila *il* ilimchoma. Alipomaliza akaifungia barua ndani ya droo ya meza yake. Ijumaa treni ikaondoka bila barua.

Jumapili, walipotoka misa, Dorothée akamuuliza, "Barua ilienda?"

"Ilienda."

"Sasa juu ya nini umekunja uso?"

"Uliza Kabwe yako."

Dorothée akacheka mpaka akashika tumbo. "Kabwe? Weye uko na wivu ya Kabwe? Akisikia atafurahi sana!"

Kicheko kile kilimuumiza Nkashama kuliko tusi. Jumanne alitoka kazini, akaenda mpaka dirisha la shule, ngumi amezikunja.

Dorothée alikuwa ameinama, ameshika mkono wa mama mzee mwenye mvi, muuza samaki wa Bukama, kikapu chake kando ya miguu.

"Mwalimu," mama akasema, "hii B iko na tumbo mbili, sawa na miye wakati ya mimba ya mapacha!"

"Polepole, Mama Kabwe."

Nkashama angeweza kuondoka kimya. Akaingia.

"Dorothée, barua haikuenda. Iko mu meza yangu. Nilizania Kabwe ni mwanaume."

"Miye, mwanaume?" Mama Kabwe akapiga makofi kwa kicheko. Dorothée hakucheka.

"Ulinikatia njia juu ya jina, na hata haukuniuliza?"

"Nilikosa. Wivu ilinikula."

"Kesho ndio siku ya mwisho ya kupokea barua. Twende."

Dorothée alisimama nyuma yake ofisini mpaka kila *il* ikawa *elle*, ya mwanamke, kisha akaipeleka barua mwenyewe kwenye treni ya mchana ule. Kwa majuma matatu hakumsalimu. Nkashama alipita mbele ya shule kila jioni, akivua kofia, bila kujibiwa.

Jibu likaja: amekubaliwa. Siku ya safari Nkashama alifika gare mapema, akabeba sanduku lake bila kuombwa. Dorothée akamtazama.

"Ulikonda."

"Chakula hakiingie."

"Barua ile ilikuwa ya kazi yangu, ndio maana haukukuwamo. Mambo yako nilitaka kukuambia na kinywa." Akapanda ngazi ya behewa. "Tuma wazee kwa tata, baba yangu. Baseme nimekubali. Lakini nimalize shule kwanza."

Treni ikaanza kutembea, naye Nkashama akakimbia kando yake.

"Dorothée! Huko Élisabethville, walimu wanaume wako wengi?"

"Wengi sana!" akajibu, akicheka dirishani.

Nkashama akabaki pale na wivu wake wote. Kisha akavaa kofia, akaenda moja kwa moja kutafuta wajomba zake.