Kibao cha Sindano

Walikutana sokoni, watu wakisukumana. Ncha ya waya aliobeba kijana begani ilinasa gauni la maua la msichana, ikalipasua ubavuni.

"Kaka, unanivua hadharani!"

"Samahani, dada. Nitakutafutia fundi."

"Fundi cherehani ni mimi. Utashona mwenyewe, nikikusimamia!"

Tangu hapo kijana akamwita Sindano. Naye akamwita Bwana Miti, kwa kuwa alikuwa mlinzi wa msitu mdogo wa hifadhi, unaokatwa katikati na kijito.

Getini palikuwa na ubao wa misumari iliyotundikwa vibao vidogo. Kila aingiaye, hata mlinzi, huchukua kibao chake na kukirudisha akitoka. Msumari mtupu maana yake mtu bado yumo ndani.

Siku moja Sindano alichukua kibao, akamfuata msituni; ndege walikuwa kimya. Maji ya kijito yalikuwa yamegeuka tope.

"Mvua imenyesha huko juu," mlinzi alisema.

"Jumapili mama anakungoja."

"Mpenzi, msimu huu siwezi kuuacha msitu."

"Basi kaoe miti!"

Sindano akaondoka peke yake, akimwacha akiwatoa wageni waliokuwa ng'ambo ya kijito. Alipita getini machozi yakimtoka, simu ameizima.

"Mkwe wangu anakuja?" mama aliuliza nyumbani.

"Ana wake wengi, mama. Wote wana majani."

Mvua ilianza kupiga bati. Sindano akaingiza mkono mkobani kutafuta leso, akagusa kibao ambacho hakukirudisha. Akawasha simu. Kulikuwa na ujumbe wa sauti, na nyuma ya sauti ile maji yalinguruma.

"Sindano, msumari wako mtupu, na kwenye simu hupatikani. Nimeomba ruhusa, Jumapili nakuja kwa mama. Usivuke kijito, mpenzi. Kaa hapo hapo, nakufuata."

Akapiga. Hapatikani. Akakimbia bila viatu hadi msituni.

Daraja lilikuwa limechukuliwa na maji. Watu waliita hadi sauti zikawakauka. Walichopata ni kofia ya Bwana Miti, imenasa kwenye mizizi.

Sindano akatundika kibao chake. Msumari wa pembeni, wa Bwana Miti, ulikuwa mtupu.

Mlinzi mwingine alisimama na kufuli mkononi, hajui atazame wapi.

"Dada, giza linaingia. Tufunge?"

Sindano akashika geti kwa mikono miwili.

"Vibao havijarudi vyote," akasema.