Chai ya Mtu wa Leseni

Maiti ilikuwa imelala kichwa chini miguu juu kwenye ngazi za saruji, kati ya ghorofa ya pili na ya kwanza. Kijana wa miaka ishirini na minane, koti la bluu, kitambulisho shingoni: Callum Prewett, mkaguzi wa leseni za televisheni, zile ambazo kila nyumba yenye televisheni hulipia kwa mwaka. Nyuma ya milango, majirani walikuwa wakitazama shindano la maswali la saa kumi jioni, na makofi yalisikika hadi ngazini.

Inspekta Denise Garbutt alimtazama marehemu jinsi mtu anavyotazama foleni ya posta. Hakusikia huruma, hakusikia kinyaa. Miaka ishirini na sita ya kazi hii hapa Doncaster, Uingereza, ilikuwa imemtia ganzi, naye alishaacha kujifanya vinginevyo.

"Ameteleza?" aliuliza.

"Amesukumwa," alijibu daktari wa polisi, akiwa amepiga magoti. "Michubuko miwili kifuani, ya viganja. Shingo imevunjika. Haijapita hata saa moja tangu afe."

Sajini Nisbet aliokota kishikwambi cha marehemu. Kioo kilikuwa kimepasuka, lakini kilikuwa bado kinawaka. Rekodi ya mwisho ilikuwa ya saa tisa na dakika ishirini: *Namba 9, Bw. A. Leckonby. Nimehakikisha hakuna televisheni. Hahitaji leseni.* Mahali pa sahihi ya mkazi palikuwa patupu.

"Basi huyo wa namba 9 tumtoe kwenye watuhumiwa," alisema Nisbet. "Yeye ameandikiwa salama yake. Wenye sababu ya kumchukia ni hao wengine wote."

Garbutt akaanza kugonga milango. Bi Glenys Cutts wa namba 6 alifungua akiwa bado ameshika rimoti.

"Mimi sikumfungulia, mwanangu. Nilizima sauti, nikalala chini nyuma ya kochi, na nyonga yangu hii mbovu."

"Huna leseni?"

"Ninayo! Mazoea tu. Tangu enzi za marehemu mama, mtu wa leseni akigonga, watu chini."

"Hakuna jirani aliyemkaribisha?"

"Amkaribishe nani? Yule bila hati ya mahakama hana haki ya kuvuka kizingiti. Ukimfungulia tu, umekwisha. Hata salamu humpi."

Milango mingine saba ikasema hivyohivyo. Ambrose Leckonby wa namba 9 ndiye pekee aliyefungua kabla hajagongewa mara ya pili. Mzee wa miaka sabini na saba, mrefu, amefunga tai nyumbani mwake. Zamani alikuwa mwongoza treni katika kibanda cha ishara.

"Alikuja?"

"Alikuja. Nikamwambia sina televisheni. Akaenda zake."

"Aliingia ndani?"

"Aliishia mlangoni."

"Ulisikia chochote baadaye?"

"Makofi ya televisheni za watu. Siku zote nayasikia hayo."

Asubuhi ya pili ripoti ya uchunguzi wa maiti ikaja. Tumboni mwa marehemu mlikuwa na chai ya maziwa na biskuti ya tangawizi, vilivyoliwa muda mfupi sana kabla ya kifo. Garbutt aliisoma mara mbili.

"Nani anampikia chai mtu wa leseni?" alimuuliza Nisbet.

"Hakuna. Hata mama yangu hampikii, na yeye anampikia kila mtu."

"Mwenye televisheni analala nyuma ya kochi. Wa kumpa chai ni yule asiye na cha kuficha, anayeona haya kumsimamisha mgeni mlangoni. Sasa kwa nini mtu huyo afiche kikombe cha chai?"

Nisbet alipekua majalada ya mahakama akitafuta jina la Leckonby, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa amelipata. Edith Leckonby, nyumba hiyohiyo, mwaka uliopita. Alihukumiwa kwa kutazama televisheni bila leseni, na hakimu mmoja aliyesoma karatasi tu, mshtakiwa hayupo. Ushahidi ulikuwa fomu ya mkaguzi: *televisheni imeonekana, inawaka*. Chini yake palikuwa na sahihi ya Edith.

Walimkuta mzee jikoni. Garbutt alimsomea haki yake ya kunyamaza. Mzee alisikiliza kwa adabu, kisha hakuitumia.

"Hatujawahi kuwa na televisheni," alisema. "Sisi tulikuwa watu wa redio. Siku ile nilikuwa hospitali, macho yangu yanaangaliwa. Akaja kijana. Mke wangu Edith akampa chai. Kijana akamwambia, weka sahihi hapa tu, mama, ni kawaida tu. Edith hakuwa amevaa miwani ya kusomea. Akaona aibu kumwambia mgeni angoje aitafute."

"Ulijua lini?"

"Gazeti lilipolitoa jina lake. Barua za mahakama alizificha chini ya godoro. Miaka arobaini, inspekta, alifundisha watoto wa kanisa Jumapili wasiseme uongo. Baada ya gazeti hakurudi tena kanisani. Akaacha kutoka. Akaacha kula. Novemba nikamzika."

"Na Prewett?"

"Nilimpikia chai. Nisingempikia, Edith asingenisamehe. Nikamzungusha vyumba vyote, hadi kabatini. Akatazama kweli. Nikasema moyoni, huyu ni mtu. Nikamsindikiza mpaka ngazini." Mzee alikunja mikono yake juu ya meza. "Hapo akanisogezea kile kioo chake. Akasema, weka sahihi hapa tu, mzee, ni kawaida tu. Maneno yaleyale. Nikamsukuma."

Nisbet aliacha kuandika.

"Ulidhani ni yule yule?" aliuliza Garbutt.

"Si yeye?"

"Yule aliacha kazi zamani. Huyu alikuwa na wiki tatu kazini. Maneno hayo wanafundishwa wote."

Mzee aliinua macho.

"Kwenye kile kioo aliandika nini?"

Garbutt angeweza kusema atajua mahakamani. Watuhumiwa wengi aliwaambia hivyo.

"Aliandika kwamba amehakikisha huna televisheni," alisema. "Kwamba huhitaji leseni."

Alingoja asikie huruma yoyote, kwa ajili ya mzee au kwa ajili ya kijana, yeyote kati yao. Hakusikia.

Leckonby alitia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa miwani, akaiweka mezani taratibu.

"Nilikuwa nayo," alisema. "Ilikuwa mfukoni humu humu. Ningesoma tu."